Uongozi wa kujitolea DEC: anza na kamati

Dada, umeuliza kama mwanafunzi wa uzamivu agombee uongozi DEC, ile idara ya watoto wadogo wenye mahitaji maalumu ndani ya Council for Exceptional Children, chama cha elimu maalumu cha Marekani, ilhali hakuna malipo. Mimi nasema ingia, ila uenyekiti uache kwanza. Omba kazi ya kupitia mihtasari ya mada zinazoombewa nafasi kwenye mkutano wao. Ukisoma kadhaa mfululizo utaona nani kaeleza watoto wake wana umri gani, wana ulemavu upi, na wazazi walihusishwa vipi, na nani kajaza maneno makubwa tu. Hicho darasani hukipati.

Kabla ya kwenda, soma mwongozo wao wa 2014 wa mbinu zinazopendekezwa. Mazungumzo mengi ya huko yanaurejea.

Ukiitwa kwenye kamati, uliza kipindi ni cha muda gani na nani anaandika kumbukumbu za vikao. Mgeni ndiye hubebeshwa (tunajuana!). Halafu mwambie msimamizi wako mapema, asije akakulaumu sura ya tatu ya tasnifu yako ikichelewa.