Kofia Huulizwa Inchi

SWALI: Assalamu alaykum mama. Nauza kofia zinazoshonwa kwa mkono hapa Lamu. Nimetengenezewa tovuti, lakini watu wanaingia na kutoka bila kununua. Kuna duka kubwa la Mombasa nalo linauza kofia mtandaoni, lina pesa za matangazo. Nitashindana nalo vipi?
Muuza kofia, Langoni

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Kabla ya kukujibu nilimpa kaka yangu simu, nikamwambia anunue kofia kwako. Akavaa miwani, akaanza. Kwanza akatakiwa afungue akaunti: barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa na tarakimu, kisha neno lilelile tena. Akajaza. Halafu akaulizwa saizi: S, M au L. Akanitazama. "Mimi kichwa changu ni ishirini na mbili na nusu." Akanirudishia simu. Hata penye bei hakufika.

Hapo ndipo wateja wanapokuponyoka, wala si kwenye matangazo.

WhatsApp ilipoanza mwaka 2009, Yahoo Messenger na Skype tayari zilikuwa na watu tele, lakini zilitaka ujitungie jina na neno la siri. WhatsApp ilitosheka na namba yako ya simu. Uliowahifadhi simuni unawakuta wamo. Mama yangu, ambaye hajawahi kuwa na barua pepe, aliiweza. Mwaka 2014 Facebook ilipokubali kuinunua kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji zaidi ya milioni 450.

Basi hiyo akaunti iondoe. Mteja aone kofia na bei yake, achague inchi, aandike namba ya simu, ujumbe wa M-Pesa umjie alipe. Asiyejua inchi zake muonyeshe kwa picha: uzi unazungushwa kichwani juu ya masikio, kisha unanyooshwa kwenye rula. Gharama ya kumfikishia mzigo, boti hadi Mokowe na basi kutoka hapo, itaje mapema. Anayeshtukizwa nayo mwishoni harudi.

Kisha mpe simu mtu asiyeijua tovuti yako, ukae kimya. Usimuelekeze, hata ukiwashwa na ulimi. Kidole chake kinaposita, hapo pana kazi. Rudia kwa mwengine, na mwengine tena, hasa wazee, maana ndio wanunuzi wako.

Ukimaliza niarifu. Kaka yangu bado anaitaka ile ya uzi wa hudhurungi.