Jibu: Toyota IST inamisi (silinda moja hailipui mafuta vizuri), fundi anataka koili zote nne

Usinunue nne kwanza, mkuu. Koili ndiyo inayopeleka umeme kwenye plagi, kila silinda na yake, na kufa zote kwa mpigo ni nadra sana, mara nyingi ni moja tu.

Mwambie fundi apime na mashine, akutajie namba ya kosa yenyewe, sio "mashine imesema koili". P0301 maana yake silinda ya kwanza ndiyo inayomisi, ile ya upande wa mikanda. P0302 ni ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Tuseme imekuja P0301. Zima gari, chomoa soketi, fungua bolti moja ya spana namba 10, koili ya kwanza ihamie ya tatu na ya tatu ije ya kwanza. Futa namba, zunguka kidogo, pima tena. Ikigeuka P0303, koili hiyo ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa mtindo huo huo, kisha ndiyo uanze kuwaza nozeli, zile zinazopuliza mafuta. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, fundi anayeikataa mimi ningemkimbia.

Na hiyo "timing belt" (mkanda wa ndani wa injini) aliyokuandikia kwenye bili ifute kabisa. Injini ya IST, 1NZ au 2NZ, inatumia cheni, mkanda huo haupo! Mkanda uliopo ni wa nje, wa kuzungusha alteneta na vitu vingine, na bei yake ni ndogo. Muulize alimaanisha upi.