Maswali ya Wasomaji: Nifanyeje Niwe Komandoo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na ninaishi Mbeya mjini. Shauku yangu ni kuwa komandoo. Kila jioni ninapanda Mlima Loleza mbio nikiwa nimebeba kiroba cha mchanga mgongoni, ingawa siku hizi miundi inaniuma. Kuna mtu ameniahidi kuniingiza moja kwa moja kwenye kikosi hicho nikimpa fedha. Je, nimwamini?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Mtu huyo usimpe hata senti moja. Nafasi za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hutangazwa hadharani wala haziuzwi, na makomando huchaguliwa miongoni mwa askari waliokwisha kula kiapo na kupimwa kazini. Hata 22 SAS, kikosi cha makomando cha Uingereza, huchukua watu wake kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe kuwa kuruta, yaani askari anayeanza mafunzo. Ukomandoo utafuata baadaye, ukiitwa.

Kwa kuwa matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakimtaka mwombaji awe amepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), fuatilia nafasi za kujitolea katika ofisi ya mkuu wa wilaya yako. Vijana wengi wa nyanda zetu huzijua kambi za Itende na Mafinga, lakini uwe tayari kupangiwa popote, na ufahamu kwamba JKT haitoi ahadi ya ajira.

Jambo linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni kile kiroba. Maumivu ya muundi yanayoongezeka unapokimbia, hasa yakijikita mahali pamoja unapopabonyeza kwa kidole, yanaweza kuwa dalili ya ufa katika mfupa, na kuruta mwenye ufa anaweza kurudishwa nyumbani kabla hajaonyesha uwezo wake. Tua mzigo huo leo, nenda hospitali, na ukiruhusiwa anza upya kwa mbio fupi kwenye ardhi tambarare, siku tatu kwa wiki, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Mzigo usubiri mpaka mifupa izoee.

Halafu kuna joto, ambalo sisi wa nyanda za juu hulisahau. Mwezi Julai 2013, askari watatu wa akiba wa Uingereza walipoteza maisha kwa sababu ya joto baada ya matembezi ya mchujo wa SAS katika milima ya Brecon Beacons, nao walikuwa watu wenye mazoezi. Mwili uliozoea baridi ya Mbeya huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto kama la Kihangaiko, mkoani Pwani, wanakofunzwa makuruta. Ukipelekwa huko kisha ukahisi kizunguzungu, au ukaona mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, mwambie afande papo hapo. Kunyamaza kwa kuogopa kuitwa goigoi kunaua.

Wakati ukijiuguza muundi, shughulikia cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na uhakikishe majina yanafanana herufi kwa herufi na yaliyo kwenye cheti chako cha kidato cha nne.