Seva iliyosimama kwa mguu mmoja: maswali yenu kuhusu pawa saplai mbili

Mvua zimerudi Lubumbashi pamoja na radi zake, na barua zenu nyingi zinasema jambo lilelile: seva yenye pawa saplai mbili (vifaa vinavyoipa umeme kutoka ukutani) inatoa onyo kwamba akiba ya umeme imepotea, yaani moja ikifa hakuna nyingine ya kushika nafasi yake. Nimechagua sita, nyingine nimezifupisha.

Seva ya zahanati yetu ina pawa saplai mbili. Tangu Jumatatu taa ya moja imekuwa rangi ya chungwa, lakini kazi zinaendelea. Naweza kuiacha hadi mwisho wa mwezi, pesa zikitoka? (Mhasibu, Kamalondo)

Hapana, Mama, usiiache. Kazi zinaendelea kwa sababu ya pili imebeba mzigo wote peke yake. Nayo ikizimika, seva inazimika papo hapo, hata kama muuguzi yuko katikati ya kuandika jina la mgonjwa.

Tena huenda usihitaji hata faranga moja. Mara nyingi pawa saplai yenyewe ni nzima, ila umeme haufiki. Anza ukutani. Chomeka taa ya mezani kwenye prizi ileile uone kama inawaka. Angalia kama multiprizi imezimwa kwa bahati mbaya. Sukuma ncha ya kebo nyuma ya seva mpaka ikae, kwa maana kebo hizi hulegea zikiguswa wakati wa kufagia. Kisha jaribu kebo nyingine. Kama taa bado ni ya chungwa, chomoa pawa saplai hiyo huku seva ikiwa inawaka (imetengenezwa kuvumilia hilo), pulizia vumbi, irudishe mpaka usikie imeshika, usubiri nusu dakika. Ikikataa bado, hapo sasa omba pesa, na uombe leo.

Jambo moja nakusihi: usiazime kebo ya ile nzima ili kujaribia ile mbovu. Nimemwona kijana hodari akifanya hivyo, na ofisi nzima ikapoteza kazi ya asubuhi. Tafuta kebo ya tatu. Na kabla hujachomoa chochote, hifadhi nakala ya data, kisha weka kidole kwenye ile yenye taa ya chungwa na umwite mwenzako aithibitishe.

Kila jioni karibu saa moja tunapata onyo. Baada ya dakika chache linaondoka lenyewe. Tumebadilisha pawa saplai, hali ni ileile. (Fundi wa mtandao, Kampemba)

Ndugu fundi, nasikitika kwamba mlinunua kwanza. Onyo linalokuja kwa saa yake, kila siku, kwa kawaida chanzo chake kiko nje ya seva. Saa moja jioni watu wamerudi nyumbani, resho (majiko ya umeme) zimewashwa mtaa mzima, na volti inashuka. Lakini hapo kuna jambo linalowapotosha mafundi wengi. Pawa saplai nyingi za seva zimeandikwa volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka kutoka 220 hadi 170, pawa saplai inavuta ampea zaidi kidogo na kuendelea. Anayeshindwa ni yule aliyekaa katikati, yaani stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Volti ikishuka chini ya kiwango chake anakata, na umeme ukitengemaa hasubiri sekunde moja, anahesabu dakika kadhaa kwanza ndipo arudishe.

Basi fungua kumbukumbu za matukio kwenye iDRAC au iLO (vidhibiti vilivyo ndani ya seva za Dell na HP), au tumia amri ya ipmitool sel elist, upime muda kati ya kupotea na kurudi. Mkiona umeme unarudi kila mara baada ya muda uleule, tuseme dakika tatu kamili, basi mmempata. Kebo iliyolegea haijui kuhesabu. Angalieni pia saa ya kumbukumbu hizo: mara nyingi imewekwa kwa GMT, nasi hapa tuko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo saa moja yetu ya jioni itaandikwa 17:00. Wengi hutafuta kwenye 19:00, wasione kitu.

Jioni pimeni kwa multimita, upande wa kuingia na upande wa kutoka wa stabilaiza. Kisha ama mtafute yenye uwezo wa kupokea volti za chini zaidi, ama mhamishe kebo hiyo kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika.

Shule yetu ilinunua seva yenye pawa saplai mbili ili isizimike. Wiki iliyopita UPS iliungua, seva ikazimika. Je, tumedanganywa? Kebo zote mbili zilikuwa kwenye UPS hiyo. (Mwalimu, Ruashi)

Mwalimu, jibu liko katika sentensi yako ya mwisho. Pawa saplai mbili zinakukinga dhidi ya kifo cha pawa saplai. Kilicho nyuma yao kikifa, zinakufa pamoja. Nimekuta kosa hili hata kwenye ofisi zenye vifaa vya bei kubwa, na linaniuma, maana watu wamelipia ulinzi na wamenyimwa kwa kukosa multiprizi ya pili.

Njia bora ni UPS mbili, au ondulere kama wengi hapa tunavyoita, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba seva nzima peke yake. Kama mnayo moja tu, kebo moja iingie humo, ya pili iende kwenye laini ya SNEL, shirika la umeme, kupitia kinga ya radi. Mkifanya hivyo, kila delestaje, yaani umeme ukikatwa kwa mgawo, seva itasema akiba imepotea. Inasema kweli, wala msilizime onyo hilo. Pangeni tu barua pepe itumwe likidumu zaidi ya dakika kumi, au zaidi ya muda ambao umeme hukatika kwenu kwa kawaida.

Kuna na gurupu, yaani jenereta. Gurupu likichoka, mzunguko wake hautulii kwenye hezi 50, na UPS inaukataa umeme huo. Mtasikia gurupu linanguruma uani huku UPS inalia pii-pii ndani, betri inaisha, na mlinzi anaapa kwamba umeme upo. Kila mmoja anasema kweli. Mwiteni fundi wa gurupu arekebishe mwendo wa injini, halafu mwangalie kama UPS yenu inaruhusu kupanua kiwango inachokubali. Na mkinunua UPS mpya, ulizeni kama inatoa wimbi safi la umeme wakati wa betri. Zile za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai za seva hulikataa dakika ileile mnayolihitaji.

Jumamosi moja, wanafunzi wakiwa hawapo na nakala imehifadhiwa, chomoeni upande mmoja ukutani. Seva ikibaki inawaka, rudisheni, subirini onyo liondoke, mchomoe wa pili.

Taa zote mbili ni za kijani, lakini onyo lipo tangu tuongeze kadi ya michoro na diski nane. (Mwanafunzi wa uzamili, mjini)

Jumlisha wati. Pawa saplai mbili za wati 750 zinagawana mzigo. Seva ikila wati 820, kila moja inabeba kama 410 na taa ni kijani. Moja ikifa, iliyobaki inatakiwa kubeba 820 nayo ni ya 750. Hakuna kilichoharibika, ila akiba haipo. Weka pawa saplai kubwa zaidi, zote mbili, au punguza mzigo. Mimi hupenda kila moja isizidi asilimia 40 kazi zikiwa nyingi.

Nilinunua pawa saplai iliyotumika. Inaingia vizuri, lakini taa ya kijani inawaka na kuzima na onyo haliondoki. (Fundi, Katuba)

Huenda hailingani na mwenzake. Kuingia kwenye nafasi hakutoshi. Soma lebo za zote mbili: wati ziwe sawa, na namba ya kifaa iwe ileile au iliyoidhinishwa na mtengenezaji kwa seva hiyo. Usimwachie muuzaji akusomee.

Seva yetu ina pawa saplai moja tu, na onyo halikomi. Nyingine ya tawi letu inazo mbili, lakini moja inaonyesha karibu wati sifuri. (Kampuni ya usafirishaji, Lubumbashi)

Ya kwanza imewekewa sera ya kudai mbili. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, uiambie haina akiba, na hakikisha nafasi tupu ina kifuniko chake ili hewa isipotee. Ya tawi huenda ni nzima: baadhi ya seva hulaza pawa saplai moja mzigo ukiwa mdogo ili kuokoa umeme, na kuiamsha ukipanda. Ongezeni kazi kidogo, muone kama wati zake zinapanda.