Daftari likishafungwa

Mwaka ambao binti yangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa kumaliza sekondari, kila jioni nilimuuliza swali lilelile: "Umesoma?" Naye alijibu vilevile: "Nimesoma, mama." Daftari lake la biolojia lilikuwa limepakwa rangi ya njano ukurasa hadi ukurasa. Usiku mmoja nikalifunga, nikamwomba anieleze figo inavyofanya kazi. Akaanza, "Figo inachuja damu..." akanyamaza, machozi yakamlengalenga. Wala hakuwa mvivu. Alikuwa amekaa na daftari hilo kwa muda wa saa 3.

Nikaacha kuuliza kama amesoma, nikawa mwanafunzi wake. Kila jioni dakika 15, daftari limefungwa, yeye anafundisha, mimi nauliza kwa nini na kivipi. Akikwama, ndipo tunafungua. Mtoto akirudia kusoma maandishi yaleyale, macho yanayazoea, naye anadhani ameelewa. Kinachoyakaza kichwani ni kuyatoa bila kuchungulia, kisha kuyarudia baada ya siku chache, na tena baada ya wiki. Tangu mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia. Mitihani ya miaka iliyopita nayo inasaidia sana, mradi aifanye kwa muda uliopangwa na asahihishe makosa yake.

Kuhusu usingizi, nilikosea: nilikuwa namsifu akikesha. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na kilichosomwa mchana hutulia akilini usiku. Tukakubaliana simu zilale sebuleni, pamoja na yangu.

Lililoniuma zaidi ni la baada ya mtihani. Tangu akiwa mdogo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba huyu atakuwa daktari. Matokeo yakaja, kemia haikutosha. Wiki nzima sikutaja chuo, na mpaka leo nashukuru nilinyamaza, maana alihitaji kulia kwanza bila mtu kumpangia maisha. Siku alipoanza mwenyewe kuongea, aliniambia, "Mama, ile figo nilipenda kuichora kuliko kuisoma."

Nilikuwa nimeiona michoro yake miaka yote, nikaichukulia kama mapambo ya daftari.

Tukamtafuta mtu anayechora ramani za majengo, binti yangu akaenda kukaa naye siku 2. Nilimwachia maswali ayaulize yeye: siku yako inaanzaje, nini kinakuchosha, wewe uliingilia wapi? Alirudi na orodha ya masomo yanayohitajika, tukailinganisha na sifa za kujiunga za kila chuo, mstari kwa mstari. Kazi hiyo ifanyeni mapema, kabla mtoto hajaacha somo lolote, kwa sababu somo moja likikosekana linaweza kumfungia kozi nzima. Na msiruke vyuo vya ufundi. Tulivikuta na kozi ambazo hatukuwahi kuzisikia.

Mdogo wake anafanya mtihani mwakani. Jana amenifundisha umeme, akakwama kwenye ukinzani. Tukafungua kitabu.