Machimbo ya Achanarras: samaki wa mawe wapo, ila gari ni la lazima

Mkuu, umeuliza toka huko Arusha kama inafaa kutoa nauli ya kutoka Aberdeen, unakokwenda kusoma, hadi machimbo ya zamani ya Achanarras, kaskazini kabisa mwa Uskoti, na kama mtu asiye mtaalamu anaweza kuambulia kisukuku cha samaki, yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe. Mimi nilifika huko enzi za masomo, kabla sijarudi Moshi. Inafaa sana, ila usitegemee makumbusho. Ni vifusi vya mawe ya kijivu na upepo usiojua kupumzika.

Zaidi ya miaka milioni 380 iliyopita pale palikuwa ziwani, kwenye ziwa kubwa ambalo wanajiolojia wanaliita Orcadie, na Uskoti yenyewe ilikuwa kusini mwa ikweta, kwenye joto na ukame. Samaki waliokufa walizama kwenye kina kisicho na oksijeni, wakafunikwa na tope laini msimu kwa msimu. Ndiyo maana mawe yale yanapasuka bapa bapa. Wenyeji wa Caithness, eneo hilo la kaskazini, waliyachimba kwa ajili ya sakafu na njia za miguu, na hadi leo utaona mashamba yamezungushiwa uzio wa mawe bapa yaliyosimamishwa wima. Sisi tuliokulia kwenye mawe ya volkano ya Kilimanjaro tunashangaa kidogo, maana ya kwetu ukiyapiga nyundo yanavunjika hovyo tu.

Usikimbilie kupasua. Okota bapa, liinamishe jua lipige kwa ubavu, ligeuze polepole. Samaki anajitokeza mweusi, anang'aa kidogo kama lami. Wangu alikuwa na urefu wa kiganja: magamba ya mviringo yamepandiana, mkia umekaa vizuri, kichwa kimepondeka. Huyo ni Dipterus, samaki wa mapafu, wa ukoo mmoja na kamongo wa Ziwa Victoria. Bibi yangu mzaa mama ni wa Musoma, kwa hiyo kamongo namjua tangu akiwa kwenye sufuria. Kumkuta ndugu yake wa kale ndani ya jiwe, huko kwenye baridi, nilicheka peke yangu.

Kuna wengine wenye deraya mwilini, Coccosteus na Pterichthyodes, lakini wa kumvizia hasa ni Palaeospondylus. Ni kadogo, sentimita chache tu, ukiwa na haraka utadhani ni unyasi. Traquair, mtaalamu wa visukuku wa Uskoti, alimpa jina mwaka 1890, na wataalamu wamebishana tangu hapo ni samaki wa kundi gani. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walimpiga picha za eksirei zenye nguvu sana wakasema yuko karibu na ukoo wa wanyama wa miguu minne. Wengine hawajakubali.

Eneo linalindwa kisheria. Tafuta kwenye vifusi, usiguse ukuta wa mwamba kwa tindo, na soma masharti ya kuokota kabla hujaweka kitu mfukoni. Halafu mazoea hayo yaache hukohuko: hapa nyumbani Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba visukuku bila leseni, iwe Natron au Olduvai.

Usafiri ndio mtihani. Treni ya Aberdeen inakufikisha Inverness, kisha unapanda ya Thurso, mwendo wa kama saa nne hivi. Machimbo yako karibu na Spittal, kando ya barabara ya A9, na bila gari utateseka. Tafuta wenzako mchangie la kukodi. Nenda Septemba hiyohiyo ukifika, au subiri Mei, kwa sababu Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Beba buti, koti la mvua na miwani ya kukinga macho, maana ukishaanza kupasua, vipande vinaruka.