Spektra ya RS Ophiuchi inaishia kuwa ukungu: nifanyeje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mbarara, Uganda. Nina darubini ya kioo ya milimita 200, umbali wa fokasi milimita 1,000, inayofuata nyota kwa mota. Kamera yangu haina rangi: pikseli 1,280 kwa 960, kila moja mikromita 3.75. Kioo cha mistari 100 kwa milimita, kinachotawanya mwanga kuwa rangi zake, nimekifunga milimita 80 mbele ya sensa ya kamera. Spektra ya Vega, yaani mwanga wa nyota hiyo angavu uliotandazwa rangi kwa rangi, naipata safi. Nikigeukia nyota ya RS Ophiuchi, magnitudo 11 hivi (namba ikizidi, nyota ni hafifu zaidi), naona ukungu tu. Nimefika picha ya dakika 10, ukungu ukazidi. Ninunue darubini kubwa zaidi?

Jibu: Hapana, Mwalimu, hela yako itunze. Milimita 200 zinatosha. Kinachokushinda ni mwanga wa anga, na kila dakika unayoongeza unauongeza na wenyewe.

Mtambo wako hauna mwanya mwembamba wa kuzuia anga, kwa hiyo kila pikseli inapokea mwanga wa anga wa rangi zote, sawa na kwenye picha ya kawaida. Nyota ndiyo inayosukumwa kama chapati: donge ni lile lile, ila sasa limeenea pikseli 640 kutoka zambarau hadi nyekundu. Hapo unapoteza magnitudo 5 na ushee. Kwa kamera yako, RS Ophiuchi imekuwa nyota ya magnitudo 16 au 17, tena juu ya mji wenye taa.

Fupisha spektra. Sogeza kioo hadi milimita 40 kutoka kwenye sensa; kila pikseli itabeba nanomita 0.94 badala ya 0.47, na mwanga kwa pikseli utakuwa maradufu. Mistari iliyokaribiana itaungana, lakini si hiyo unayoitafuta. RS Ophiuchi ni jitu jekundu na kibete cheupe vinavyozungukana, gesi ya jitu ikimwagikia kibete, na mstari wa hidrojeni wa nanomita 656.3 unang'aa hata nyota ikiwa imetulia, kama ilivyotulia baada ya mlipuko wa Agosti 2021. Mstari huo hauhitaji mtambo wa kifahari.

Tena, kwa milimita 80 mstari huo unaangukia pikseli 1,400 kutoka kwenye taswira ya nyota yenyewe, ile nukta ya mwanga usiotawanywa, na sensa yako ina 1,280. Havienei kwenye picha moja, na bila taswira hiyo huna pa kuanzia kupima. Kwa milimita 40 ni pikseli 700.

Ongeza chujio jekundu, linalopitisha kuanzia nanomita 600 hivi. Wengi hulikataa kwa sababu linakula spektra yote ya buluu na kijani. Mimi nalipenda: linakata pia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mji, na kwa nyota hafifu hiyo ni biashara nzuri.

Picha ziwe za dakika moja moja, 60 au zaidi, kisha uzijumlishe, ukitoa picha za giza ulizopiga usiku huo huo darubini ikiwa imefunikwa. Hapo kwenu ncha ya anga ya kaskazini, ambayo mhimili wa mota hulengwa kwayo, imelala kwenye upeo, nyuma ya vilima, kwa hiyo ulinganifu wa mota hauwi kamili na picha ya dakika 10 lazima iteleze. Zungusha kioo na kamera spektra ilale kaskazini-kusini. Mota ikiyumba, itapanua spektra badala ya kufuta mistari. Ikigongana na spektra ya nyota jirani, na upande ule wa Njia ya Maziwa jirani ni wengi, igeuze kidogo.

Juni na Julai RS Ophiuchi hupita karibu na utosini katikati ya usiku, na mvua imekatika. Wakichoma nyasi, subiri moshi utue.

Fokasi usiiweke kwa taswira ya nyota. Iweke kwa Rasalhague, nyota angavu ya jirani: tafuta bonde jeusi la hidrojeni kwenye nyekundu, mstari ule ule wa 656.3, na urekebishe hadi liwe jembamba kabisa. Ukiona kivimbe cha RS Ophiuchi kwenye pikseli 700, rudi kwa Rasalhague papo hapo. Bonde likikaa pikseli ile ile, mstari ni wa kweli. Likiwa limehama pikseli kadhaa, kioo kimelegea. Kikaze, uanze upya.